Baba ananiuliza swali moja tu kila jioni: "Huko kumenyesha?"

#1 mwl_wa_la_kwanza

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani kwa miaka mingi, huu ndio uzi wangu wa kwanza. Sitafuti mkopo wala mchumba (nasema mapema, nawajua). Umeme umekatika tangu saa kumi, nimekaa kibarazani, simu ina chaji asilimia 61, nikaona niandike jambo linalonikaa rohoni karibu mwaka mzima sasa.

Nafundisha shule ya msingi, darasa la kwanza, Kasulu vijijini. Kwetu ni Lushoto, milimani huko juu ya Soni. Niliajiriwa 2022. Siku majina yalipotoka mama alilia kwa furaha, aliposikia ni Kigoma akaendelea kulia, safari hii kwa sababu nyingine. Baba aliuliza tu, "Huko wanalima nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Kajue."

Basi tangu niripoti kituoni baba hunipigia kila jioni, saa moja na dakika zake, akishatoka kuswali magharibi. Ana kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Sasa mnaojua wazazi wa kijijini mnajua mambo ya kubipu. Mama anabipu. Kaka anabipu. Nina mjomba anabipu, ukimpigia anauliza "nani mwenzangu?" Baba hajanibipu hata siku moja. Ananunua vocha yake ya jero, anapiga mwenyewe, na mazungumzo yetu ni haya, neno kwa neno:

"Shikamoo baba."
"Marahaba. Hujambo?"
"Sijambo."
"Huko kumenyesha?"
"Kumenyesha."
"Haya."

Kakata. Kuagana hana. Kuna kipindi nilikuwa naangalia muda: sekunde 19, sekunde 22, sekunde 18. Ndefu kuliko zote ilikuwa sekunde 40, siku iliyonyesha mvua ya mawe, akataka kujua ukubwa wake. "Kama punje ya mahindi au kama harage?" Nikamwambia kama harage. "Haya."

Mwaka wa kwanza hili jambo lilinikera sana, sitawaficha. Nilikuwa mgeni, nalala chumba kimoja cha kupanga, jirani zangu wanaongea Kiha mimi nacheka tu bila kujua nachekea nini. Mwalimu mwenzangu tuliyeripoti naye anaongea na baba yake nusu saa, wanataniana mpaka anashika mbavu. Mimi nangoja siku ambayo wangu ataniuliza umekula, umezoea, watoto wakoje. Hamna. Mvua. Nikajiambia huyu mzee hana la kusema, anapiga ili isionekane hajapiga.

Kwa hiyo nikaanza kujibu ili mradi nimejibu. Kuna siku nimeshinda ndani na madaftari, sijui hata kama kulikuwa na wingu, nasema "kumenyesha kidogo". Kuna siku nimelala mchana nimeamka kichwa kizito, "kidogo". Huku msimu wa mvua unaanza Oktoba unakwenda mpaka Mei, kwa hiyo "kidogo" haikosi kuaminika. Ikawa kama kuitikia amina.

Sasa Desemba ya 2023. Mnakumbuka tarehe 3 ile, tope na mawe na magogo yalivyoporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh, watu wakafa kwa makumi. Mimi wiki mbili baadaye nilikuwa nasafiri kwenda nyumbani likizo, na njia yangu ni hiyohiyo: nalala Kahama, Singida, Katesh, Babati, nalala Arusha, siku ya tatu nashuka Mombo napanda gari la mlimani. Jioni ya tarehe 3 baba alipiga. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, halafu hakuuliza mvua. Akauliza, "Utapita njia gani?" Nikamwambia ya siku zote. Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha. Kumbe bado yupo, nasikia anavyopumua. Kisha, "Haya."

Nikafika salama. Mama akanilisha kama mtu aliyetoka jela. Siku ya pili baba akanituma chumbani kwake nikamletee bomba la kupigia dawa viazi, maana mvua ikipitiliza kule kwetu viazi vinashikwa na ukungu wiki moja tu. Ndipo nikaiona kalenda. Ni hizi za bure za duka la pembejeo, ina picha ya kabichi kubwa. Kila siku ya mwezi ina vistari. Vya bluu na vyekundu.

Vya bluu nilivielewa mara moja, baba anaandika mvua tangu sijazaliwa, ndivyo anavyojua apige dawa lini na apande lini. Vyekundu ndivyo vilinisimamisha. Masika Lushoto imeshika, bluu imejaa, na nyekundu nazo zimejaa. Ikafika Juni, Julai, Agosti: bluu ipo ipo, kwetu manyunyu hayaishi, nyekundu hakuna kabisa. Mwezi wa kumi nyekundu zinaanza tena. Wakuu, nilikaa kitandani. Ilikuwa mvua ya Kasulu. Ya mwaka mzima. Na peni nyekundu yenyewe ni yangu, ya kusahihishia, niliisahau nyumbani Desemba ya nyuma yake.

Nikaanza kuangalia tarehe moja moja. Vistari vyekundu viko vya aina mbili, virefu na vifupi. Imenichukua muda kuelewa. Virefu ni siku niliyosema "kumenyesha". Vifupi ni "kidogo".

Machi nzima ni vifupi vitupu.

Kwenye kisanduku cha tarehe 3 Desemba hakuna kistari. Ameandika neno moja, "Katesh", kwa herufi kubwa, na mkono wake wa kutetemeka.

Nikachukua bomba nikatoka. Sikusema kitu. Siku zote zile za likizo sikusema, nimerudi kazini, mwaka huu unakatika, sijasema. Tangu hapo kila siku natoka nje naangalia, namwambia kweli tupu. Lakini zile za nyuma zipo ukutani, na najua mzee kalenda hatupi, anazifunga kwa kamba anaweka juu ya kabati.

Swali langu kwenu: nimwambie au ninyamaze?

#2 Tikiti Maji

Nimesoma hii kwenye daladala ya Mbagala nimepitiliza kituo. Natembea kwa miguu sasa hivi jua la saa nane, na silalamiki.

Usimwambie. Mzee ana furaha na kalenda yake, unakwenda kumharibia mwaka mzima wa kumbukumbu ili wewe ulale vizuri?

#3 Dereva wa Usiku

Mimi nilipita Katesh siku nne baada ya ile tarehe, nina mzigo wa vitunguu. Tulipunguza mwendo wote bila kuambiwa na mtu. Utingo wangu anaongea kutoka Singida mpaka Arusha, siku hiyo alikaa kimya hadi tunaingia Babati.

Baba yako alikuwa anaijua barabara kuliko unavyodhani. Mwambie.

#4 jembe_kavu

Walimu wenzako wanalia na madaraja na malimbikizo, wewe unatuletea mvua. Naona umeshiba mleta mada. Mods hamisheni hii jukwaa la hadithi.

#5 mwl_wa_la_kwanza

@jembe_kavu malimbikizo nadai na mimi ndugu yangu, yana uzi wake kule na nimechangia. Huu ni wa baba.

#6 Mzee wa Chaki

Binti, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Mimi nimestaafu, lakini nilianza kazi 1979, enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watoto wamejaa darasani mpaka wengine wanakaa kwenye matofali. Kwetu Newala, kituo Mpanda. Wewe una kitochi kila jioni. Mimi nilikuwa na barua, na barua yenyewe inakuja na treni ya Tabora, ikipenda.

Baba yangu hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa anakwenda sokoni kwa fundi cherehani mmoja ambaye pia alikuwa mwandishi wa barua za watu. Huyo fundi alikuwa na maneno yake ya kudumu. "Kwanza pokea salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako." Barua zote. Nilikuja kugundua hata vijana wengine wa kwetu waliokuwa Mpanda walipokea barua hizohizo, za baba zao, maneno yaleyale, mwandiko uleule. Tulikuwa tunabadilishana tunacheka.

Lakini mwishoni, kabla ya "wako mzazi", palikuwa na sentensi moja ambayo fundi hakuijua kwa moyo. Ilibidi aiandike kama alivyoambiwa. "Mkorosho wa mlangoni umechanua." "Mbuzi mweusi kazaa mapacha." Mara moja, "Nimekata tawi lililokuwa linagusa dirisha la chumba chako." Mimi nilikuwa naruka salamu zote kama mchanga wa bahari naenda moja kwa moja pale chini. Ile ndiyo ilikuwa barua. Iliyobaki ilikuwa ya fundi.

Sasa unaniuliza umwambie au usimwambie. Mimi nilipokuwa kule niliugua malaria miezi miwili, nikawa namwandikia baba kwamba ni mzima wa afya, maana mimi nami nilikuwa na maneno ya kudumu. Amefariki 1994 hajui. Inanijia mara mojamoja, hasa nikiwa nanyoa ndevu, sijui kwa nini wakati huo.

Endelea na habari za watoto wako. Darasa la kwanza ndilo darasa.

#7 Tikiti Maji

Mzee wa Chaki umenimaliza. Nimefika nyumbani sasa, miguu inauma, nimeweka kambi hapa.

#8 mwl_wa_la_kwanza

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la "ile ndiyo ilikuwa barua" nimelisoma mara tatu.

Haya, habari za watoto, maana zinahusiana.

Nina watoto 94 darasa moja. Mtaala huu mpya ulioanza Januari 2024 unataka wajifunze Kiingereza tangu la kwanza, na mimi wengi wao hata Kiswahili wamekutana nacho getini. Nyumbani ni Kiha. Kiha changu nilipofika kilikuwa "mwakeye", kikaishia hapo, mtu akijibu kirefu natabasamu nakimbia.

Raha za la kwanza ni za ajabu, mtu wa sekondari hawezi kuzijua. Mtoto anakuita "mama" mbele ya wenzake kwa bahati mbaya, darasa zima linacheka, naye anajificha chini ya dawati mpaka kengele. Mwingine ananiletea embe ambalo tayari ameling'ata upande mmoja "kuonja kama ni tamu, mwalimu". Kuna mmoja alipojua kusoma "sa" na "bu" na "ni" alisoma karatasi ya sabuni aliyoiokota njiani, akaja nayo mbio paredi imesimama, akamkatiza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni mkali, lakini alimwachia asome mpaka mwisho. Ilikuwa neno moja tu, lakini alilisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo.

Sasa kuna binti mmoja, jina silitaji. Muhula wa kwanza wote hakufungua mdomo. Namwita kwenye mahudhurio anainua mkono. Nikimuuliza mbili na tatu ni ngapi ananiangalia tu. Tulipofanya upimaji wa kuhesabu nilimwandika kwenye orodha yangu, kwa peni nyekundu, "hajui". Watoto 94 wakuu, mtu ananyamaza siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, unamwandika unaenda mbele.

Siku moja nikaona unyoya wa kuku ndani ya daftari lake, katikati ya ukurasa, kama vile ni alama ya kitabu. Nikamuuliza, una kuku? Mwenzake akamtafsiria. Akatikisa kichwa, ndiyo. Kesho yake wakati wa mahudhurio nilipofika jina lake nikasema, "Kuku wako hajambo?" Akatikisa kichwa. Kesho kutwa tena. Sikuwa na mpango wowote. Ila siku moja nimemaliza kuuliza nikajisikia sauti yangu, nikagundua nauliza kama baba. Maneno yaleyale, sauti ileile, halafu naenda jina linalofuata bila kungoja.

Nikaendelea. Aprili, Mei, tumefunga Juni tumefungua Julai. "Kuku wako hajambo?" Kichwa. Wenzake walizoea, ikawa sehemu ya mahudhurio. Nikisahau wananikumbusha: "Mwalimu, kuku!"

Wiki iliyopita Jumanne mvua imetukuta darasani. Ambao hamjawahi kufundisha chini ya bati lisilo na dari, mvua kubwa ikipiga hakuna somo. Unaona midomo tu. Madirisha yetu hayana milango, kwa hiyo watoto huyahama madawati ya pembeni, wanajibana katikati 94 wote kama vifaranga, wengine wanaimba ingawa hakuna anayewasikia. Mimi husimama katikati yao na chaki mkononi nangoja.

Nikahisi mtu anavuta sketi. Ni yeye. Nikainama, akaweka mdomo sikioni kwangu, maana ndiyo njia pekee ya kusikika. Akasema, "Kaangua."

Nikapiga kelele, "Wangapi?"

"Kumi na moja." Kiswahili safi kabisa. Kisha, "Mwewe kachukua wawili."

Nikamwangalia. Akaona kama bado sijaelewa, akanisaidia.

"Tisa."

Sikulia, nasema mapema kwa ajili ya @Tikiti Maji. Unga wa chaki uliniingia machoni. Mvua ilipokatika nikaenda ofisini nikatoa ile orodha nikalikata lile neno.

Jioni ile baba alipopiga na kuniuliza huko kumenyesha, nilimwambia: kumenyesha baba, ilianza saa sita kasoro, na upepo kutoka upande wa ziwani, imekatika saa saba unusu, kiwanja cha shule kimekuwa bwawa, halafu nikamweleza habari ya kuku na mwewe na tisa. Alikuwa kimya muda wote. Akauliza, "Hao tisa wanalala wapi?" Sikujua. "Kajue."

#9 Dereva wa Usiku

"Kajue" ya pili hii. Mzee ana vituo vyake.

#10 jembe_kavu

Sawa mleta mada. Nimefuta kauli. Wanalala wapi?

#11 mwl_wa_la_kwanza

@jembe_kavu ndani ya jiko la bibi yake, kwenye tenga kuukuu. Niliuliza.

#12 bi_mkubwa wa Mwanza

Mimi ni mama mwenye watoto watano, wawili wako mbali. Nimesoma uzi wote. Mwambie baba yako mwanangu. Sisi wazazi mnatuona wajinga, mnatudanganya kwenye simu mnadhani hatusikii. "Nimekula mama", na nasikia kabisa sauti ya mtu ambaye hajala.

#13 mwl_wa_la_kwanza

Wakuu nimerudi. Nimemwambia. Naandika mikono ikiwa bado inatetemeka kidogo (na hii "kidogo" ni ya kweli).

Alipiga saa moja na robo. Salamu, kisha huko kumenyesha. Nikasema leo hakuna, jua kali tangu asubuhi. Akasema haya, nikawahi kabla hajakata.

"Baba, mwaka jana, Machi, nilikuwa nasema kumenyesha kidogo."
"Ndiyo."
"Kuna siku hakukunyesha. Nyingine sikujua kama kumenyesha. Nilikuwa nasema tu."

Kimya. Nikasikia mbuzi nyuma yake, na mama anamuuliza mtu sufuria iko wapi.

"Najua," akasema.
"Ulijuaje?"
"Mtu aliyeiona mvua hasemi kidogo. Anasema imeanza saa ngapi."
"Sasa mbona uliandika?"
"Si ndivyo ulivyosema?"

Nikakosa neno. Nikabaki nimeshika simu kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Haya," akasema. Kakata.

Dakika moja na sekunde nane. Rekodi mpya.

#14 Tikiti Maji

Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. "Si ndivyo ulivyosema." Nimetoka nje kuangalia. Mbagala: imenyesha alfajiri, imeanza kama saa kumi na moja hivi, barabara tope.

#15 bi_mkubwa wa Mwanza

Mwanza: wingu zito upande wa ziwa, bado haijashuka.

#16 Dereva wa Usiku

Nipo Makambako nakula. Imeanza saa tatu usiku huu, inapiga turubai la mzigo nasikia hapa nilipo.

#17 Mzee wa Chaki

Newala kavu. Mwembe wa jirani tu ndio unadondosha.

#18 jembe_kavu

Songea: wingu tu. Nimetoka nje na tochi kuhakikisha, mke wangu ananiuliza kuna nini.

#19 Mpemba wa Muscat

Asalaam aleykum. Mie nasoma tu kimya siku mbili hizi. Muscat hakuna kitu, mwezi wa ngapi huu sijaona hata tone. Nyota tupu.

#20 mwl_wa_la_kwanza

Jamani. Leo nimemsomea baba orodha yenu yote, Mbagala, Mwanza, Makambako, Newala, Songea, mpaka Muscat. Nilidhani atakata katikati. Hakukata. Nasikia karatasi, nadhani alikuwa anaandika, sijui anaandika wapi maana kalenda ina visanduku vidogo.

Nilipomaliza akauliza, "Huyo wa Muscat, kwao ni wapi?"
Nikasema sijui baba, anajiita Mpemba.
"Muulize kwao kumenyesha."

@Mpemba wa Muscat, nimetumwa.

#21 Mpemba wa Muscat

Kwetu Wete. Mwambie mzee sikuwa najua, ilikuwa wiki ya tatu sijapiga nyumbani, kazi za zamu hizi.

Nimempigia mama sasa hivi. Imeanza baada ya alasiri. Karafuu zilikuwa juani, kaanua nusu, nusu zimerowa.